Makopo Mia Sita ya Biskuti za Molasi

Wenzangu wa jikoni, siku ile mliponikatia keki ya kuniaga mlitaka niseme machache kuhusu miaka yangu ya kuoka. Nilisema asanteni, nikakaa. Wengine mlidhani ni aibu ya uzee. Haikuwa aibu. Nilikuwa na jambo moja la kusema, na halikuwa jambo la kusemwa mbele ya keki. Sasa nimestaafu, nina meza yangu na chai yangu hapa Missouri City, karibu na Houston, na hakuna kengele ya oveni ya kunikatiza. Acha niandike.

Nilifika Texas kumfuata mume wangu Abdallah, aliyekuwa akipakia mizigo kwenye maghala ya Mesquite, upande wa mashariki wa Dallas. Nyumbani Tanga nilikuwa naoka vileja na visheti vya Iddi kwa jiko la mkaa, moto juu na moto chini, nikajiona fundi. Abdallah ndiye aliyeona kibao dirishani mwa duka dogo la biskuti kwamba wanatafuta mtu. Nikaenda na viatu vyangu vizuri, jambo ambalo mpishi yeyote atakuambia ni kosa la kwanza.

Mwenye duka alikuwa mwanamke mrefu, mkavu, wa miaka sitini hivi, amefunga kitambaa kichwani kama nilivyofunga mimi. Jina lake Verna. Alizaliwa kwa Waamishi, wale Wakristo wanaolima kwa farasi na kuishi bila umeme wala magari yao wenyewe. Alikwisha kubatizwa kwao kisha akaondoka kwenda kuolewa na dereva wa lori. Kwao, aliyeapa akaondoka hatengwi kwa chuki, ila hawaketi naye meza moja kula. Dereva wa lori alifariki mapema. Bi Verna akabaki na vitu viwili kutoka kwao: kile kitambaa, na namna ya kuoka.

Wateja wapya walituona na vilemba vyetu wakauliza kama sisi ni wa dini moja. Bi Verna alikuwa akijibu, "Hapana, ni wa zamu moja."

Siku ya kwanza hakunipa unga. Alinipa mayai. Nikavunja moja, nikatupa ganda. Akaliokota kwenye ndoo, akapitisha kidole ndani yake, akaangusha kwenye bakuli ute uliokuwa umebaki. "Mayai kumi na mawili ukiyafanyia hivi," akasema, "umepata la kumi na tatu." Karatasi ya siagi hatukuitupa, tuliiweka kwenye jokofu, na ndiyo tuliyopakia mafuta kwenye trei. Chupa ya molasi, ile asali nyeusi ya miwa, tuliisuuza kwa maziwa mgando na maziwa yale yakaingia kwenye donge. Biskuti zilizovunjika tulizisaga zikarudi kuwa unga wa donge la kesho. Kulikuwa hakuna chokoleti, hakuna rangi, hakuna sukari ya kunyunyiza kama theluji. Molasi, mdalasini, tangawizi, unga na akili. Watu walitoka mbali kuja kuzinunua, wakisema zinawakumbusha bibi zao. Nadhani bibi za wengi wao walikuwa wananunua za dukani, lakini mteja habishiwi.

Siku ya tatu alinipa biskuti ya moto nionje. Nikaikataa. Akauliza kwa nini, akiwa amekunja uso, maana kwake mpishi asiyeonja ni kama fundi nguo aliyefumba macho. Nikamwonyesha ndoo ya mafuta ya nguruwe. Akageuka, akarudi kwenye donge lake. Nikaenda nyumbani nikamwambia Abdallah kazi imeisha.

Kesho yake ile ndoo haikuwapo. Mahali pake palikuwa na siagi. Mapishi ya mama yake, na ya mama wa mama yake, alikuwa ameyabadilisha asubuhi ile kabla sijafika, akajaribu madonge matatu mpaka likakubali. "Mpishi lazima aonje," ndilo pekee alilosema. Mwanamke aliyekwangua maganda ya mayai kwa kidole, akaweka siagi kwa ajili ya mgeni wa siku tatu. Nataka mlikumbuke hilo mtakapofika mbele.

Alinifundisha miaka mingi, kwa maneno machache. Kuipima oveni bila kipimo: nyunyiza unga juu ya trei, iingize, hesabu taratibu, uangalie unga unageuka rangi ya hudhurungi hesabu ikifika ngapi. Kuitoa biskuti wakati bado inaonekana mbichi katikati, maana biskuti huiva mara mbili, mara ya kwanza ndani ya oveni na ya pili juu ya trei. Kutokanda donge kama chapati; mkono wangu wa Tanga ulikuwa mzito, na kwa mwaka mzima biskuti zangu zilikuwa ngumu kiasi cha kuezekea nyumba. Na alinifundisha kwamba jiko haliwezi kuwa na wakubwa wawili. "Aliyesimama mbele ya oveni," alikuwa akisema, "ndiye mwenye neno." Macho yake yalipoanza kufifia, akashindwa kuona rangi ya biskuti, alinikabidhi oveni. Tangu siku ile yeye mwenye duka alikuwa akiniuliza mimi tuoke nini.

Alikuwa na dada mmoja, Ada. Ada alibaki kwa Waamishi, katika jamii yao ndogo huko kusini mwa Texas, mwendo wa kutwa kwa gari kutoka Mesquite. Waliandikiana barua. Bi Verna alinipa nimsomee, maana herufi zilimtoroka, na Ada alikuwa akiandika kwa penseli: mvua, ng'ombe, nani kajifungua. Kila barua iliishia kwa swali, lile lile: unaoka nini sasa? Hawakuwa wameonana miaka mingi. Sikuwahi kuuliza kwa nini. Nadhani ile meza ya kula ndiyo iliyokuwa katikati yao.

Sasa nifike kwenye ile wiki.

Ilikuwa baada ya sikukuu ya Shukrani ya Wamarekani, mwishoni mwa Novemba, msimu wa waokaji wote kukosa usingizi. Duka moja kubwa la vyakula lilikuwa limetuletea oda ya makopo mia sita ya biskuti za molasi kwa ajili ya Krismasi. Mimi ndiye niliyeipata. Nilikwenda na sampuli, nikavaa koti la Abdallah la harusini, nikazungumza Kiingereza changu chote mpaka kikaisha, nao wakakubali. Hatukuwahi kuoka hata nusu ya hapo kwa wiki moja. Nilikuwa nataka Bi Verna aone kwamba oveni aliyonikabidhi haikuanguka mikononi mwangu. Niseme ukweli: nilitaka watu wote waone.

Jumatatu asubuhi barua ya Ada ikafika. Nikaisoma nimesimama, mkono mmoja una unga. Ilikuwa fupi. "Verna, siwezi tena kusimama jikoni. Njoo tukae. Usiogope kuhusu meza."

Bi Verna akaniambia nirudie. Nikarudia. Akavua aproni, akaikunja, akaiweka juu ya meza.

"Mwana," akasema, ndivyo alivyokuwa akiniita, maana jina langu zima, Mwanaidi, lilimshinda. "Nipeleke kwa Ada."

"Lini, Bi Verna?"

"Kesho. Au Jumatano."

Nilitazama ile karatasi ya oda niliyokuwa nimeibandika ukutani. Oda ilikuwa itoke Jumamosi asubuhi.

"Tumalize oda," nikasema. "Jumapili alfajiri tunaondoka, mimi na wewe. Nitaendesha mwenyewe."

Hakubisha. Angeweza kuniambia duka ni lake. Angeweza kunifungia mlango. Lakini alikuwa amesema mwenyewe kwamba aliyesimama mbele ya oveni ndiye mwenye neno, na yeye hakuwa mtu wa kulirudisha neno lake lilipomgeukia. Aliichukua aproni, akaifungua, akaivaa tena.

Tulikuwa na Njeri siku zile, Mkenya, mwanafunzi wa unesi, aliyekuwa anafanya nasi zamu za asubuhi. Alikuwa amesikia yote. Alinifuata stoo.

"Bi Mwanaidi, si uende tu," akasema. "Two days ni nini? Mimi nita-manage. Nitaita cousin yangu atusaidie ku-pack."

"Hii oveni huijui."

"Naijua. Umenifunza for two years. Ama ulikuwa unanifunza nini?"

"Upande wa kushoto unaunguza."

"Najua inaunguza. Nazungusha trei nusu ya time. Ona, Mama, huyo dada yake ni mgonjwa. Biskuti haziendi mahali."

Nikamwambia aende akapime unga. Haya ndiyo maneno ninayoyasikia mpaka leo nikiwa naosha vyombo: aende akapime unga. Njeri angeiweza ile oda. Nilijua angeiweza. Pengine hilo ndilo lililoniuma.

Tulioka. Sijawahi kuoka vizuri namna ile, wala kabla wala baadaye. Kila trei ilitoka rangi moja, ukingo mgumu kidogo, katikati laini, na mpasuko juu kama udongo wa kiangazi. Bi Verna alikaa kwenye kiti akipanga biskuti kwenye makopo kwa kupapasa, kumi na mbili kumi na mbili, na karatasi katikati. Alhamisi aliniuliza mara moja, "Jumapili alfajiri, sio?" Nikamwambia ndiyo. Alikuwa ametenga kopo moja pembeni kwa ajili ya Ada.

Jumamosi saa nne asubuhi gari la lile duka lilikuwa limeshachukua mzigo. Nilikuwa naosha trei huku naimba. Simu ikalia. Alikuwa jirani wa Ada, mtu asiye Mwamishi aliyekuwa na simu. Ada alikuwa amefariki alfajiri ile.

Nilizima bomba. Sikujua nitamwambiaje Bi Verna, na sikuhitaji kujua. Alikuwa amesimama mlangoni, ameona, kwa macho yale mabovu, jinsi nilivyoweka simu chini.

"Bado tunaondoka kesho alfajiri," akasema.

Tukaondoka. Waco, Austin, San Antonio, kisha mashamba makavu na miiba. Njia ilikuwa nzuri na kulikuwa hakuna foleni. Nilitamani iwepo. Nilitamani njia iwe mbaya, ndefu, ina mafuriko, chochote ambacho kingenionyesha kwamba hata Jumatano tusingeweza. Tulifika saa nane mchana, na tulikuwa tumesimama mara mbili kwa chai.

Walikuwa wanazika kesho yake. Nyumba nyeupe, mabenchi yamepangwa, wanawake wamevaa nguo nyeusi, farasi wamefungwa kwenye uzio. Hakuna aliyetufukuza, hakuna aliyetutazama vibaya. Waliokuwa wanamkumbuka walimshika Bi Verna mkono wakaukaza. Baada ya maziko tukaitwa kula, na hapo nikaiona ile meza. Ilikuwa meza ndogo iliyowekwa karibu kabisa na ile ndefu, nafasi ya kupita mkono tu katikati. Bi Verna akaenda akaketi bila kuonyeshwa. Nikaketi naye.

Binti yake Ada, jina lake Miriam, mwanamke wa makamo, mpana wa mabega, akatuletea mkate, viazi na biskuti. Akaniwekea sahani yangu kando.

"Hii yako haina nguruwe," akaniambia. "Mama Mdogo aliandika habari zako."

Akamgeukia Bi Verna, akasema kwa Kiingereza, nadhani kwa adabu, ili nami nisikie:

"Mama alikungoja wiki nzima. Kila gari likipunguza mwendo barabarani alinituma dirishani. Nilimwambia barua huchelewa. Kulitokea nini, Mama Mdogo?"

Niliweka kijiko chini. Nilifungua mdomo.

"Gari liliharibika," akasema Bi Verna.

Mwanamke huyu nilikuwa nimemwona akimwita mteja kutoka maegeshoni arudi, kumwambia kwamba lile kopo alilonunua lina biskuti moja iliyoungua. Hakuwa anajua kusema uongo, hata ule mdogo wa kumsifia mtu nywele. Na sasa aliusema, kwenye matanga ya dada yake, mbele ya watu wake waliokuwa wamemtenga, kwa ajili yangu mimi. Miriam akatikisa kichwa, akaenda kuwahudumia wengine. Bi Verna akamega mkate wake, akala.

Tulirudi njia ile ile, mpaka tukaipita Austin.

"Kwa nini ulisema gari?" nikamuuliza.

"Ningesema nini?"

"Ukweli."

"Ukweli ungewafanya wakuchukie, na Ada angebaki amekufa."

Nikaendesha kidogo. Kisha nikasema, "Nisamehe, Bi Verna."

"Nilikusamehe Jumamosi, wakati ule ule ulipoweka simu. Ndivyo tulivyolelewa. Unasamehe kwanza, halafu moyo unafuata ukiweza."

"Umefuata?"

Alitazama nje, mashamba ambayo hakuyaona.

"Bado uko njiani," akasema.

Jumanne tulifungua duka kama kawaida. Hakulitaja tena jambo lile, na hakubadilika kwangu, na hiyo ndiyo adhabu ambayo sikuwa nimejiandaa nayo. Mtu akikununia unajua pa kusimama. Yeye alinipokea kila asubuhi na kikombe cha chai. Ila kitu kimoja kiliondoka: kusomewa barua. Miriam alimwandikia mara mbili tatu, nami nikaziona bahasha, lakini alizipeleka kwa Njeri amsomee. Mwaka uliofuata lile duka kubwa halikutuletea oda. Walikuwa wamepata biskuti za kiwandani, laini, zinazokaa miezi sita bila kubadilika. Meneja wao alinieleza kwa upole sana kwenye simu. Nikamshukuru.

Bi Verna alifunga duka miaka mitatu baadaye. Abdallah naye alikuwa ameshatangulia mbele ya haki, na binti yangu akaniita huku upande wa Houston, ndipo nikaja jikoni kwenu. Mmenijua hapo. Wengi wenu mlinishangaa: nikisikia mtu ana mgonjwa, namvua aproni kwa mikono yangu kabla hajamaliza sentensi, hata kama ni Ijumaa, hata kama foleni ya wateja imefika mlangoni. Mliniita mama mwenye huruma. Haikuwa huruma.

Njeri alimaliza masomo, akawa nesi katika nyumba ya kulelea wazee huko DeSoto, kusini mwa Dallas, na Bi Verna alipoishiwa nguvu ndiye aliyemtafutia kitanda hapo. Siku moja saa tano asubuhi akanipigia.

"Mama, sikupi pressure," akasema. "Lakini kama unaweza ku-drive, njoo leo. Usingoje weekend."

Niliacha trei ndani ya oveni, mnakumbuka, nikamwachia mwenzenu Espérance. Saa kumi jioni nilikuwa nimeketi kando ya kitanda. Bi Verna alikuwa amelala. Aliamka kidogo, akanipapasa mkono, akanusa kiganja changu kama alivyonusa donge, akasema, "Mdalasini umezidi." Akalala tena. Alifariki siku ya pili yake. Nilifika kwa wakati. Nasema hivyo bila kujisifu, maana ni saa nne na kitu tu za barabara, na mtu yeyote anaweza.

Niliwaandikia kwao. Barua ilichelewa kweli safari hii, na Miriam alifika wiki mbili baada ya maziko, na gari la kukodi na dereva. Nilirudi DeSoto kumpokea. Nilimpeleka kaburini, kisha tukaenda chumba cha stoo ambako Njeri alikuwa ametuhifadhia vitu vya marehemu: sanduku moja, nguo nne, mti wa kusukumia donge, na barua za Ada zimefungwa kwa uzi. Miriam alikaa kitini na zile barua mapajani. Alikuwa sasa amezeeka, na amefanana na mama yake mdogo kiasi kwamba nilishindwa kumtazama usoni.

"Miriam," nikasema, "gari halikuharibika."

"Najua," akajibu. "Nililiona siku ile. Lilikuwa jipya kuliko gari la jirani yetu." Akaanza kuufungua ule uzi taratibu. "Nilimwandikia Mama Mdogo kumuuliza. Hakunijibu hilo. Nilingoja nikuulize wewe. Ulikuwa unafanya nini wiki ile?"

Nilikuwa nimeyaandaa maneno mengi kwa miaka mingi. Yalikuwa na oda ndani yake, na msimu, na macho ya Bi Verna, na ugeni wangu. Hayakuja.

"Nilikuwa naoka biskuti," nikasema.

Alinitazama muda mrefu, bila hasira, kama mtu anayejitahidi kuelewa lugha.

"Zilitoka vizuri?"

"Zilitoka vizuri sana," nikamwambia, na hapo ndipo nilipolia.